Mume wangu mwinjilisti anataka tuuze ploti ajenge kanisa Bweyale

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, mke wa mwinjilisti wa Kipresbiteri. Parishi yetu ilitutuma Uganda kupanda makanisa, mjini na kambini, kati ya wakimbizi wa Sudan Kusini na Wakenya wenzetu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wakapokelewa Mulanda kule Tororo kisha wakaletwa huku Kiryandongo. Wengine walisharudi nyumbani. Waliobaki ndio waliotukaribisha, wakatuonyesha mkaa unanunuliwa wapi na maji yanachotwa wapi.

Kazi yenyewe naipenda, nisikudanganye. Jumapili tunakusanyika chini ya mwembe, na upande wa magharibi tumefunga turubai kwa ajili ya jua. Mume wangu anahubiri Kiswahili, kijana mmoja anatafsiri Kinuer, mama mmoja anatafsiri Kiacholi, kwa hiyo mahubiri ya dakika ishirini yanamaliza saa nzima na hakuna anayenung'unika ila watoto. Sadaka inakuja na kuku, mahindi, simsim kwenye bakuli. Baada ya baraka tunapiga mnada. Juzi kuna jogoo alinunuliwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha tena kwa Bwana, mpaka jogoo mwenyewe akachoka akaenda kutulia chini ya kiti cha mzee wa kanisa.

Shida ilikuja kwa simu. Mtu nisiyemjua alinipigia kutoka Nakuru, akaniita madam, akaomba nimtumie nakala ya kitambulisho changu na picha mbili za pasipoti "ili tusikwame mbele ya bodi." Nikamwuliza bodi gani. Akashtuka kuliko mimi. Ndipo nikajua kwamba ploti yetu ya Njoro, futi hamsini kwa mia, imeshatafutiwa mnunuzi na bei imekubaliwa, laki nane.

Hiyo ploti, Shangazi, nusu ya pesa zake zilitoka kwenye chama changu na kwenye sare za shule nilizokuwa nikishona usiku. Nusu ni mkopo wa sacco ya mume wangu. Hati iko kwa jina lake kwa sababu wakati wa kuandikisha nilikuwa nimelazwa hospitali. Hatuna pengine. Huku tunapanga. Pensheni ya mwinjilisti unaijua mwenyewe. Na binti yetu Neema, anayekaa kwa nyanya yake, anaingia gredi ya 10 Januari, na sijui karo itatoka wapi.

Nilipomwuliza usiku hakukana. Baba Neema si mwongo, hanywi, hanipigi, akipata elfu kumi anaileta mezani. Alisema alitaka kuniambia mambo yakishaiva. Akachukua Biblia akanisomea Matendo ya Mitume, jinsi Barnaba alivyouza shamba lake akaleta fedha miguuni pa mitume. Nikamwambia, na Neema je? Akasema, "Usiwe mke wa Lutu." Hilo neno limenikaa kooni mpaka leo.

Najua kinachomsukuma. Mwanzoni parishi ilikuwa inatuma pesa kila robo mwaka. Siku hizi zinachelewa, na zikija zimepungua. Zinazofika kwa wakati ni barua za kamati ya misheni za kuomba picha. Tumewatumia picha za ubatizo, za darasa la wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, za akina mama na vyerehani. Wakajibu, "Tunashukuru. Jengo limefikia wapi?" Desemba wanakuja na basi dogo kujionea. Tangu barua hiyo ifike mume wangu halali vizuri, anaamka saa tisa anakaa nje.

Anasema hawezi kuwaambia watu wajenge wakati mgao wa chakula wa WFP, Shirika la Chakula Duniani, umekatwa na wengine wameondolewa kabisa kwenye orodha. Hapo simpingi, maana watu hao nawaona kila siku. Mpango wake ni kununua robo eka nje kidogo ya mji. Na kwa kuwa sisi ni wageni, ardhi iandikwe kwa jina la mzee mmoja wa kanisa letu, mzaliwa wa hapa. Mzee ni mtu mwema sana. Laki nane za kwetu ukizibadilisha unapata zaidi ya milioni 20 za Uganda, na nadhani sufuri hizo nazo zimemlevya kidogo.

Mimi kwenye barua za kamati naitwa "na familia yake." Jina langu silioni. Ila anayefundisha ushonaji ni mimi, anayekaa na wajane ni mimi, na mama akishikwa na uchungu usiku wa manane anayepanda naye bodaboda hadi hospitali ya Kiryandongo ni mimi, mama katikati, mimi nyuma nimemshikilia.

Shangazi, nikikataa kusaini nitakuwa nimepinga kazi ya Mungu? Niwaandikie kamati moja kwa moja? Na kuna shemeji yangu, mdogo wa Baba Neema, ambaye nilimweleza yote kwa simu. Amewaka, anasema ataenda ofisi ya ardhi kuweka zuio, na ameshaanza kuwapigia wazee wa ukoo. Baba Neema hajui kwamba habari zimetoka kwangu. Nimwache shemeji aendelee?

Mama Neema, Bweyale


SHANGAZI ANAJIBU

Mama Neema, kitambulisho usitume. Hilo kwanza, halafu tuongee.

Yule dalali hakukupigia kwa adabu zake. Alikupigia kwa sababu bila wewe biashara haifungiki. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 12, inakataza mali ya ndoa kuuzwa, kutolewa zawadi au kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Kifungu cha 14 kinakwenda mbele zaidi: mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikaandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kwamba huyo anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo jina moja kwenye hati lisikutoe usingizi. Ila vitabu vya chama, na risiti zozote za zile sare, zitafute uziweke mahali pamoja. Na kama kipande hicho cha Njoro bado kimeandikwa kuwa ardhi ya kilimo, mauzo lazima yapate kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na huko kwa kawaida mke anaitwa aseme kwa mdomo wake. Ndiyo bodi aliyokuwa anaihofia dalali.

Sasa twende kwenye Biblia, kwa sababu naona ndiko ulikofungwa mdomo. Mume wako amesoma mwisho wa sura ya nne akafunga kitabu. Angegeuza ukurasa. Sura ya tano inaanza na mume na mke wengine waliouza kiwanja, Anania na Safira. Kosa lao lilikuwa uongo, sawa, lakini sikiliza Petro anavyosema: kabla hakijauzwa kiwanja kilikuwa mali yako, na hata kilipouzwa fedha zilikuwa mikononi mwako. Maana yake hakuna aliyedaiwa kuuza. Halafu mwangalie Safira. Anaingia kama saa tatu baadaye, peke yake, na Petro anamwuliza yeye binafsi bei ya kile kiwanja. Hakumhesabu kuwa "familia ya Anania." Mitume wanamwuliza mke kuhusu kiwanja, halafu mwinjilisti wa Bweyale anaona si lazima?

Fedha za Barnaba nazo, soma mstari ulio juu yake, ziligawiwa kila mtu kwa kadiri alivyohitaji. Mabati siyaoni pale. Na kwa jinsi Paulo anavyomtaja kwa Wakorintho, Barnaba alikuwa akisafiri bila mke, kwa hiyo hakuwa na wa kumwuliza. Ama mke wa Lutu, yule aligeuka kutazama mji unaoteketea kwa moto. Njoro haiungui.

Basi hapana, hukupinga kazi ya Mungu. Lakini nisiishie hapo, maana ningekuwa nimekupa ushindi wa nyumbani na kuliacha kanisa bila paa. Mimi naona Baba Neema anakosea jambo kubwa kuliko ploti. Anataka kuwapa watu wa Bweyale kitu ambacho wao ndio wanaopaswa kujipa.

Hili ninyi Wapresbiteri wa Kenya mnalijua kutuzidi sote. Mwaka 1971 katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), mchungaji John Gatu, alisimama Milwaukee kule Marekani mbele ya watu wa misheni akawaambia wasimamishe kwa muda wamishonari wao na pesa zao, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Walikasirika wengi, na wengine waliudhika hapahapa Afrika. Kanisa lake likashika neno Jitegemea, likaanza kujilisha lenyewe. Wapresbiteri wa leo wa Nakuru wamekulia matunda ya neno hilo. Sasa mambo yamegeuka: kwa watu wa Bweyale, ninyi ndio wazungu. Mmekuja na shilingi yenye nguvu, mna kamati inayotaka picha, na mnataka kujenga haraka kabla wageni hawajafika. Sisemi hivi kukudhihaki. Nasema muulizeni Gatu wenu.

Na hata yeye hakuwa wa kwanza. Mwaka 1890 wamishonari vijana wa Kipresbiteri kule Korea walimwita mzee wa kazi hiyo kutoka China, John Nevius, akaja Seoul na mkewe Helen wakakaa nao wiki chache tu. Aliyowaambia wakayashika kwa miaka mingi: mwamini abaki kwenye kazi yake ya kila siku na ashuhudie akiwa hapohapo, kanisa lisianzishe jambo ambalo waumini wenyewe hawawezi kuliendesha, na majengo yajengwe na wenyeji, kwa mali yao, kwa ujenzi wa kwao. Wakorea wa siku hizo walikuwa maskini wa kutupwa. Leo hakuna asiyejua ukubwa wa makanisa ya Kipresbiteri ya Korea, na wamishonari wao unaweza kukutana nao Kampala.

Najua Baba Neema atajibu kwamba Wakorea hawakukatiwa mgao na WFP. Hoja hiyo ni nzito, siwezi kuipita kwa haraka. Mtu asiyejua watoto watakula nini jioni, ukimwomba mchango wa jengo unamtesa. Lakini ngoja nikuulize: yule jogoo aliyenunuliwa mara tatu, alinunuliwa na nani? Ni watu haohao. Wanatoa tayari, na wanatoa wakicheka. Pesa ndizo wasizokuwa nazo. Mikono wanayo, na ujuzi wanao. Wanawake wa Sudan Kusini unaowafundisha cherehani, wengi wao walijenga nyumba zao wenyewe walipofika kambini, walikata nyasi, wakakanyaga udongo, wakakandika kuta. Sehemu kubwa ya Uganda watu wanafyatua matofali na kuyachoma wenyewe kando ya shamba. Je, mmewahi kuketi nao mkawauliza wangependa kuabudu ndani ya nyumba ya namna gani? Barua yako yote, ndefu ilivyo, haina mahali ambapo wenye kanisa wameulizwa. Mke hajaulizwa, na washirika hawajaulizwa. Huyo ni mtu mmoja anayebeba mzigo wa wote usiku saa tisa, na hakuna aliyemtuma aubebe.

Wakisema tuanze na ukuta wa udongo na paa la nyasi, anzeni. Wakisema tufyatue matofali kiangazi hiki, fyatueni pamoja nao, na Baba Neema ashike jembe achimbe udongo. Kuta zikifika kwenye linta, hapo parishi ya Nakuru iitwe ilete mabati. Mchango wa ndugu kwa ndugu hauna ubaya. Ubaya ni mgeni kuweka msingi, kuta, paa na kufuli, kisha akabaki na ufunguo. Mvua ikiwasumbua kabla ya hapo, mwendeeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, mwombe darasa moja kila Jumapili. Makanisa mengi ya Uganda yameanzia darasani, na chaki bado iko ubaoni.

Kuhusu hiyo robo eka, hapo ndipo napata baridi. Uganda mtu asiye raia hapati ardhi ya milele, si mailo, aina ya umiliki wa kudumu wa huko Uganda, wala ile ya hati ya kudumu. Anaweza kukodishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mume wako anajua, ndiyo maana anataka jina la mzee. Mama Neema, wema wa mzee hauandikwi kwenye makubaliano ya mauzo. Siku Mungu atakapomchukua, wanawe watafungua sanduku wakute karatasi yenye jina la baba yao na mhuri wa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na kanisa litakuwa mpangaji kwenye kiwanja chake lenyewe. Nimesoma barua za namna hiyo nyingi kwenye safu hii, na hakuna iliyoisha vizuri. Ardhi ya kanisa inashikwa na wadhamini waliosajiliwa kisheria. Wapresbiteri wapo Uganda, wana viongozi wao, kaeni nao muone kama usharika wenu unaweza kusimama chini yao au mnasajili wadhamini wenu, raia wakiwemo. Hilo lina karatasi nyingi na halitakwisha kabla ya Desemba. Na lisiishe kabla ya Desemba!

Tena huyo muuzaji wa Bweyale, kama anauza ardhi ya familia anayoishi, sheria ya Uganda inamtaka naye apate ridhaa ya mwenzi wake. Kingekuwa kichekesho mke wa muuzaji aulizwe, mke wa mnunuzi asiulizwe.

Kamati sasa. Uliuliza uwaandikie moja kwa moja. Peke yako, hapana. Ukiandika kisirisiri atadhalilika mbele ya waliomtuma, na huyu si mtu mbaya, umeniambia mwenyewe. Andikeni pamoja, barua moja, sahihi mbili. Semeni ukweli mtupu: jengo hakuna. Pesa za robo hii na ile iliyopita zilifika pungufu, tajeni ni kiasi gani. Waliobatizwa ni hawa. Wanaojua kushona sasa ni hawa. Lugha tatu kila Jumapili. Na waambieni wakija Desemba waje siku ya ibada, wakae chini ya mwembe, wapeleke kitu mnadani. Mimi ni Mwanglikana, kwetu askofu akikohoa sote tunakohoa, lakini ninyi mna utaratibu ninaouonea wivu: mtu mmoja kwenu hanunui wala hajengi kwa kichwa chake, kuna kikao cha wazee, kuna presbiteri, baraza linalosimamia makanisa ya eneo. Mwinjilisti akibeba jambo la ardhi peke yake amejivika mzigo ambao kanisa lake halikumpa. Muombeni mchungaji anayewajia kwa ubatizo na Meza ya Bwana alipeleke suala la jengo presbiteri. Ndiyo kazi yake.

Katika barua hiyo jina lako liandikwe, kamili, na kazi unazofanya zitajwe moja moja, na ile ya bodaboda usiisahau. Mkitaka kuwakumbusha kamati kitu, wakumbusheni kituo cha misheni cha Thogoto, kule Kikuyu. Wamishonari wa Kiskoti walihamia Kikuyu mwaka 1898 wakitoka Kibwezi. Thomas Watson aliyekuwa akiongoza kituo hicho alifariki Desemba 1900, hajamaliza hata miaka miwili na mke wake Minnie. Minnie hakufunga virago. Alibaki, akashika kituo mpaka wengine walipokuja, akajenga shule, na hakustaafu hadi 1931. Angekuwa "na familia yake" tu, sijui kama Wapresbiteri wa Kenya wangekuwa na wa kuwatuma Uganda. Muulizeni mhasibu wa kamati pia, kwa upole, kama kuna sababu watu wawili wafanye kazi na marupurupu yawe ya mmoja. Wanaweza kukataa. Waulizwe tu.

Utamwambiaje mume wako? Si usiku, na si akiwa ametoka kupokea simu ya Nakuru. Tafuta mchana ambao hana mkutano, mpikie anachokipenda, kisha mwambie kwa maneno machache: "Baba Neema, ploti siuzi. Lakini mbele ya kamati sitakuacha usimame peke yako." Nadhani hayo ya pili ndiyo anayoyahitaji kuliko milioni 20. Mtu anayeamka saa tisa akakaa nje anaogopa kuonekana amekula pesa za watu bure, na hofu hiyo haitibiwi na mabati. Wageni wa basi dogo wakija wakakuta jengo zuri lililojengwa kwa pesa za ploti yenu, Januari wataomba picha ya ukuta wa mawe. Mwache aseme hofu yake mpaka aimalize. Usimjibu kwa kifungu cha 12. Kifungu cha 12 kiweke mfukoni.

Na Neema aingie kwenye mazungumzo hayo. Karo ya gredi ya 10 ina tarehe, jengo halina. Kama ploti haiuzwi, haina maana ikae bure pia: inaweza kukodishwa kwa mtu wa kulima viazi au mahindi, na kodi, hata ikiwa ndogo, ikaenda shuleni moja kwa moja. Nyanya yake, kama yuko karibu na Njoro, anaweza kusimamia.

Nimemwacha shemeji makusudi. Huyo msimamishe leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Kutafuta wa kukusikiliza ni haki yako, lakini ulichagua mtu mwenye damu moja na mume wako na masikio ya ukoo mzima. Zuio likiwekwa na yeye, kesho atasema yeye ndiye aliyeiokoa ploti, na wazee watakaa kuamua nani ailinde mpaka mrudi kutoka Uganda. Kabla hujajua, ploti ni ya ukoo, na wewe mwenye sare unaomba ruhusa ya kuikanyaga. Mwambie umeshukuru, na kwamba wewe na kaka yake mnalimaliza wenyewe. Ikitokea Baba Neema akaendelea kuuza kwa siri baada ya kuzungumza nawe, basi zuio uliweke wewe, kwa jina lako, kwenye ofisi ya ardhi, na hapo huhitaji ruhusa ya mtu.

Na kabla wazee wa ukoo hawajampigia, mwambie Baba Neema kwa mdomo wako kwamba habari zilitoka kwako. Atakasirika, mwache akasirike. Akipoa, mpigieni dalali pamoja, simu ikiwa kwenye spika, mmwambie ploti imetoka sokoni. Ila kabla ya kupiga mwulize jambo moja ambalo barua yako haikunieleza: bei ilipokubaliwa, mnunuzi alilipa malipo ya kwanza? Kama alilipa, hizo pesa ziko wapi, kwa sababu atazidai.